Seredani Uani: Wepesi wa Mapishi si Uvivu

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, shangazi yangu alitufikia hapa Birmingham akitokea Maskati. Alinikuta uani, bado nimevaa sare ya kazini, nikipanga mishkaki juu ya wavu wa seredani huku wanangu wakitandaza busati juu ya majani. Nilimbusu mkono, nikamletea kiti. Aliketi, akaukusanya mtandio wake ili usifikiwe na moshi, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa upole uleule wanaotumia wakubwa wetu wanapotaka neno lao likae: "Mwanangu, huu si upishi. Hiki ni chakula cha mpita njia. Mama yako angekuwa na nguvu zake, leo tungekula biriani."

Sikumjibu, kwani si adabu kumjibu shangazi mbele ya watoto. Lakini neno lile limekaa nami hadi leo, na ninajua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu wamelisikia kwa wakubwa wao, wawe Leicester, London, Dubai au Toronto. Linasema kwamba chakula chepesi ni urithi uliopungua. Kwamba kila saa tunayoipunguza jikoni ni kipande cha Unguja kinachotuponyoka. Naona kwamba fikra hiyo, pamoja na mapenzi yote yaliyomo ndani yake, haina ukweli, na tena inatudhuru.

Tuanze na historia ya vyungu vyenyewe. Wazee wetu walikuwa na majiko mawili. Lipo jiko la shughuli: biriani ya harusi, pilau ya maulidi, na huko Oman shuwa ya Idi, nyama inayopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kufukiwa katika tanuri la shimoni usiku kucha au hata siku mbili. Upishi huo ni wa mtaa mzima. Wanaume huchimba na kubeba, wanawake husaga na kupaka, na hakuna aliyewahi kufukia shuwa siku ya Jumanne kwa sababu watoto wametoka chuoni na njaa.

Lipo pia jiko la kila siku, na hilo kwa sehemu kubwa lilikuwa la moto wa makaa na chakula cha haraka: muhogo wa kuchoma, mahindi yaliyopakwa ndimu na pilipili, kibua kimoja juu ya wavu, ndizi iliyochomwa na ganda lake. Nendeni Forodhani jua likizama, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, muone mishkaki, pweza na mikate inavyopikwa na kuliwa kwa muda wa mazungumzo mafupi. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, lakini moshi uliorudi ulikuwa uleule. Nendeni Maskati, mtazame makaa yanayowashwa kando ya barabara nyakati za magharibi, mishkaki ikiuzwa kwa watu waliotoka makazini. Shangazi anasema ni chakula cha mpita njia, na ni kweli. Basi sisi ni nani, ikiwa si wapita njia? Familia zetu ziliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wengine wakafikia Dubai, wengine Oman baada ya 1970, wengine kwenye baridi hii ya Uingereza. Chakula kinachopikwa juu ya chombo kinachobebeka ndicho kilichokuwa tayari kusafiri nasi.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya mtu aliye mbali na kwao huchagua. Huiweka Idi na kuisahau Jumanne. Bibi yangu aliposimulia Unguja alisimulia harusi, masinia na udi. Hakuwahi kusimulia siku aliyorudi shamba amechoka akachoma muhogo na kuula kwa chumvi. Sisi tuliozaliwa ugenini tukadhani kwamba kila siku ilikuwa sikukuu. Tukajiwekea kipimo ambacho hata wao hawakukifikia, na tunaposhindwa kukifikia, tunaacha kupika kabisa.

Hilo nimeliona nyumbani kwangu. Mama alikuwa ndiye jiko letu. Magoti yalipomshinda, ikawa hawezi tena kusimama mbele ya sufuria kwa saa tatu. Mimi nafanya kazi ya zamu hospitalini. Mume wangu ni dereva wa basi. Kwa muda wa karibu miaka miwili, chakula cha nyumba hii kilitoka kwenye maboksi, na kila mtu alikula kwa saa yake, chumbani kwake, macho kwenye simu. Hatukupoteza biriani peke yake. Tulipoteza ile saa moja ambayo watoto walikuwa wakimsikia bibi yao akizungumza Kiswahili. Mwanangu wa mwisho alianza kumjibu kwa Kiingereza, na Mama, ambaye hakupenda kumwaibisha mtoto, akaanza kunyamaza.

Seredani ndiyo iliyoturudisha. Majira ya joto ya hapa yana rehema moja ambayo pwani haina: mwishoni mwa Juni jua la Birmingham halizami hadi kama saa tatu na nusu usiku. Mtu anayerudi kazini saa kumi na moja bado ana alasiri ndefu mbele yake. Nieleze basi tunavyofanya, kwa sababu hoja isiyo na chakula haimshibishi mtu.

Kazi yote hufanywa usiku wa kuamkia, na haizidi nusu saa. Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe au kondoo isiyo na mfupa, iliyokatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, tunatia kitunguu thomu na tangawizi iliyotwangwa, vijiko viwili vya kila kimoja; maji ya ndimu mbili; kijiko cha bizari ya uzile iliyosagwa; pilipili manga, chumvi, mafuta kidogo, na kijiko kimoja tu cha papai bichi lililokunwa. Papai hulainisha nyama ngumu ya bei nafuu, lakini likizidi huifanya kama uji. Bakuli linafunikwa na kuingia katika friji. Siku ya pili vijiti vya mbao vinaroweshwa majini kwa nusu saa ili visiungue, nyama inatungwa, na juu ya makaa haihitaji zaidi ya dakika kumi.

Siku ya kuku, nachukua mapaja yaliyotolewa mifupa, kwa sababu huiva upesi na hayakauki kama kidari. Viungo ni vilevile, bila papai, na mtindi vijiko vitatu. Kuku asitolewe mpaka maji yake yawe meupe kabisa. Siku ya samaki, naenda soko la Bull Ring katikati ya mji, ambako wauza samaki huwa na vibua. Si vibua vya Bahari ya Hindi, lakini ni jamaa zao wa karibu, na havina ghali. Navichanja mbavuni, natia chumvi, thomu na ndimu, na vinapokaribia kuiva navipaka tui zito la kopo lililochemshwa kidogo na ukwaju, bizari ya manjano na pilipili. Hapo una samaki wa kupaka kwa robo saa. Bibi yangu angeuliza kwa nini sikukuna nazi. Ningemwambia kwamba mbuzi ya kukunia ninayo, imetundikwa ukutani, na kwamba siku ya Idi nitaishusha.

Pembeni yake hakuna kinachohitaji akili nyingi: mahindi, ndizi za kupika zinazopatikana kwenye maduka ya Coventry Road, kachumbari, na mkate wowote wa tanuri kutoka kwa mwokaji wa Ladypool Road. Muhogo wa barafu uchemshwe kwanza mpaka ulainike, ndipo upitishwe motoni upate rangi.

Nimeitaja Ladypool Road kwa makusudi. Mtaa ule na jirani zake ndio ulioipa Birmingham chakula kinachoitwa balti. Katika miaka ya 1970, wahamiaji kutoka Pakistani na Kashmiri waliacha kupika nyama yenye mifupa kwa saa nyingi, wakachukua nyama iliyotolewa mifupa, moto mkali na karai jembamba, wakapika sahani moja kwa dakika chache na kuileta mezani ndani ya karai lilelile. Nina hakika kwamba walikuwapo mashangazi waliosema kwamba huo si upishi. Leo mji mzima unajivunia chakula kile kama chake. Hakikuokolewa kwa kuhifadhiwa kama kilivyokuwa ng'ambo. Kiliokolewa kwa kupikwa kila jioni.

Hata hivyo ipo hoja moja dhidi yangu ambayo naiona nzito kuliko ya shangazi. Tunaposema mapishi mepesi, ni mepesi kwa nani? Nimekwenda kwenye karamu nyingi za majira haya, na mpango wake ni mmoja. Mwanamke amenunua, ameosha, amekata, ametia viungo, ametunga vijiti, amekata kachumbari. Kisha mwanamume hushika koleo kwa dakika ishirini, akapigwa picha, akaombewa dua kwa mikono yake mitamu. Baadaye mwanamke huosha vyombo. Huo si wepesi. Ni mzigo uleule uliohamishwa kutoka jikoni kwenda uani. Ikiwa tunataka kurithi kitu kutoka Forodhani, turithi hili: pale mwanamume anayesimama kwenye moto hutwanga thomu, hutunga nyama na husugua wavu wake mwenyewe. Nyumbani kwetu tumekata shauri kwamba anayeshika koleo ndiye aliyetia viungo jana yake. Mume wangu alinung'unika wiki ya kwanza. Siku hizi ananikosoa kwamba natia uzile mwingi mno.

Watoto nao wana sehemu yao. Kutunga mishkaki ni kazi ya mikono midogo, na mikono ikishughulika mdomo hufunguka. Mama huketi kwenye kiti chake, hana sababu ya kusimama, naye ndiye mwalimu. Mara ya kwanza alimwambia mwanangu wa mwisho, "Niletee kipepeo." Mtoto, ambaye neno hilo alilijua kwa maana moja tu, alizunguka kwenye maua ya uani akiwatafuta vipepeo, akarudi mikono mitupu karibu alie. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akachukua kipande cha boksi, akampepea usoni, na kumwonyesha jinsi ya kuyapepea makaa mpaka yafanye jivu jeupe. Toka siku ile kazi ya kupepea ni ya mtoto yule, na hakubali kunyang'anywa. Makaa, jivu, wavu, koleo, cheche, kupepea, kugeuza, kuungua, kuiva: hayo yote aliyajua kwa msimu mmoja. Nilikuwa nimemnunulia vitabu vya Kiswahili ambavyo havijafunguliwa.

Sitaki mtu anisome akadhani kwamba moto ni mchezo. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 iliwekwa kwa ajili ya moshi wa dohani za miji kama huu, na haikuikusudia seredani yako. Lakini jirani ana haki yake, na dini yetu imemtaja jirani kabla ya sheria yoyote. Mwambie mapema, usiuelekeze moshi kwenye nguo zake zilizoanikwa, na umpelekee sahani. Ukitaka kwenda bustanini, soma kwanza bango la bustani hiyo, kwani nyingi haziruhusu moto. Na mvua ikinyesha, nayo itanyesha, usiliingize jiko la makaa ndani ya nyumba, wala gereji, wala hema, hata likionekana limezimika. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Ami yangu alitaka kuliingiza gerejini siku moja kwa ajili ya manyunyu. Nilimzuia, tukamalizia nyama yetu katika oveni, na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Kwa shangazi yangu, ambaye najua atasomewa maneno haya na mjukuu wake, nasema hivi. Biriani hatujaiacha. Idi itakapofika tutaipika, sote, tangu alfajiri, wanaume wakimenya vitunguu pamoja nasi. Lakini baina ya Idi na Idi kuna Jumanne nyingi, na ni katika hizo ambapo watoto ama wanatujua au hawatujui. Ijumaa ile uliyotufikia ulikula vijiti vinane, mtoto alihesabu. Aliyekupa kila kijiti alikuambia "Karibu, bibi," na wewe ukamjibu, naye akakuuliza habari za Unguja, ukamsimulia mpaka magharibi ikaadhiniwa kwenye simu yangu. Ulipoinuka kwenda kutia udhu, makaa yalikuwa bado mekundu, na mtoto alikuwa bado anayapepea, ingawa hapakuwa na nyama tena juu ya wavu.