Usichague Gia kwa Mng'aro Wake

Wako watu wasemao kwamba kijana atakaye kuunda gari dogo la mota, au kile chombo kijiendeshacho ambacho siku hizi twakiita roboti, hahitaji ila vitu viwili: mota yenye nguvu na betri mpya. Mengine, wasema, ni vikorokoro tu. Gia ni gia, maadamu ina meno. Maneno hayo nimeyasikia katika karakana na katika maonyesho ya sayansi, na, naona haya kukiri, nimepata kuyasema mwenyewe mbele ya darasa. Leo nataka kuyapinga, nawe msomaji nakuomba uwe hakimu baina yangu na wasemao hivyo.

Tuanze na hesabu. Tuseme mota yako ndogo yazunguka mara 9000 kwa dakika, nawe umeifunga moja kwa moja kwenye gurudumu lenye kipenyo cha milimita 60. Gurudumu hilo likizunguka mara moja gari husogea milimita 188 hivi. Zidisha, utaona kwamba gari lako latakiwa kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, upesi wa basi la Mombasa katika barabara nyoofu! Haliwezi. Mota itanguruma papo hapo, itapata moto, na betri itakwisha kabla gari halijavuka meza. Sasa funga gia ya meno 12 kwenye mota, nayo izungushe gia ya meno 60. Mizunguko imepungua mara 5. Fanya hivyo tena kwa jozi ya pili, imepungua mara 25. Gurudumu lazunguka mara 360 kwa dakika, na gari laenda kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye. Tena nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara 25, ukitoa ile iliwayo na msuguano. Hivyo ile mota ndogo iliyodharauliwa yaweza kupanda mlima ulioishinda mota kubwa isiyo na gia.

Lakini si gia yoyote iifanyayo kazi hii. Miaka michache iliyopita wanafunzi wangu watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, waliunda gari la kupandisha nusu kilo ya sukari juu ya ubao ulioinamishwa. Waliniuliza wanunue gia gani. Nikawajibu kwa kiburi cha mwalimu asiyetaka kuonekana hajui: "Nunueni za shaba, zile zinazong'aa." Wakanunua ndogo katika duka moja na kubwa katika duka jingine. Zote zilikuwa za shaba ya manjano, zote nzuri machoni, na zilipowekwa pamoja mezani zilionekana kuingiana. Siku ya maonyesho gari lilipanda shubiri mbili, likalia kama mlango usio na mafuta, likasimama. Chini yake palikuwa na unga wa njano uliosagika. Mwamuzi aliandika neno moja katika karatasi yake akaendelea na meza ya pili. Watoto wale walikuwa wamekwisha kubadilisha betri mara tatu kwa fedha za nauli yao, wakidhani udhaifu ni wa betri. Mmoja wa wasichana, ambaye alikuwa amekusudia kuendelea na fizikia, alinijia juma lililofuata akasema kwamba yeye si mtu wa mashine. Akaiacha.

Kosa halikuwa lake. Gia moja ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha milimita, na ya pili kwa kipimo cha inchi. Ile ya kwanza ilikuwa na kipimo kiitwacho moduli, nacho kilikuwa 0.5. Ile ya pili ilikuwa ya meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, ambayo ukiigeuza kwa milimita ni moduli 0.53 hivi. Nafasi ya kutoka jino hadi jino katika ile ya kwanza ni milimita 1.57, na katika ya pili ni milimita 1.66. Tofauti haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho haliioni. Meno huiona, maana kila jino liingialo hukuta pango lake limesogea kidogo, nalo hulazimika kusaga ili lipite.

Nawe waweza kuitambua tofauti hiyo kwa rula ya shuleni, ndiyo sababu sina huruma na mwuzaji, wala mwalimu, asemaye kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa watoto. Pima kipenyo cha gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la ng'ambo. Hesabu meno, ongeza 2, kisha gawanya kile kipenyo kwa jumla hiyo. Gia ya meno 60 yenye kipenyo cha milimita 31 yakupa 31 kwa 62, yaani 0.5. Nyingine ya meno 60 ukiiona ina milimita 32.8, jua kwamba haihusiani na ile ya kwanza hata ikiwa imetoka katika sanduku moja. Ukitaka kujua pa kutoboa matundu ya mihimili, jumlisha meno ya gia zote mbili, zidisha kwa moduli, gawanya kwa 2: meno 12 na meno 60 ya moduli 0.5 hutaka milimita 18 kati ya mhimili na mhimili. Zikisongana mno zitakwama, zikiachana mno zitarukana. Mafundi wa magari ya mfano huweka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya meno wakati wa kukaza skrubu, kisha huutoa. Nafasi ibakiyo yatosha.

Sasa, kwa nini shaba? Hapa nina ugomvi na kundi la pili, wale waipendao shaba kupita kiasi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Hukatika vizuri katika mashine, kwa hiyo meno madogo sana hutoka safi. Wala haishikwi na kutu nyekundu kama chuma, jambo lisilo dogo kwa mtoto akaaye karibu na bahari. (Watu wa Lamu, ambao siwa yao ni ya shaba, hawahitaji kuambiwa na mwalimu.) Lakini ni nzito. Gia ya meno 60 ya kipimo tulichotaja, ikiwa na unene wa milimita 5 na haikutobolewa ili kupunguzwa uzito, yakaribia gramu 30. Ya plastiki ngumu haifiki gramu 6. Gari lako likiwa na gia nne za namna hiyo limekwisha kubeba mzigo kabla ya kupewa mzigo. Rai yangu ni hii: gia ndogo ya kwenye mota iwe ya shaba, kwa sababu ya plastiki ikikazwa juu ya mhimili wa chuma yaweza kupasuka, gia kubwa yaweza kuwa ya plastiki nzuri, ila mzigo ukiwa mzito. Watengenezaji wa saa za ukutani walifuata desturi iliyo jamaa na hii: gurudumu kubwa la shaba, na gia ndogo, izungukayo mara nyingi zaidi, ya chuma kigumu. Tena jihadhari na vumbi. Chembe za mchanga hujichimbia katika shaba, kwa kuwa ni laini, zikageuka tupa, na kitu kinacholiwa ni kile chuma kigumu. Usipake grisi nyingi kwenye gia zilizo wazi katika uwanja wa murramu.

Tundu la katikati nalo hudharauliwa. Mota nyingi ndogo zina mhimili wa milimita 2. Gia yenye tundu la milimita 3 haitengenezwi kwa kuzungushiwa uzi na gundi, nimeona watu wakijaribu; itayumba, na gia iyumbayo hukaza upande mmoja na kulegea upande wa pili. Iingize kwenye sindano nyoofu yenye unene wa tundu lake, izungushe karibu na jicho, uone kama meno yapanda na kushuka.

Najua nitajibiwa kwamba viko visanduku vilivyofungwa kiwandani, mota na gia ndani, na kwamba mtoto hana haja ya kuhesabu. Si kila kisanduku ni kibaya. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1901, mwanzo wa vile vyuma vya kuungana viitwavyo Meccano, alikuja na mpango ambao gia za shaba za meno 57 na meno 19 zilikutana sawasawa katika matundu yaliyoachana inchi moja. Mtoto aliyezichezea aliliona tatu zidisha kumi na tisa kwa mikono yake. Kisanduku ninachokilaumu ni kile kisichofunguka. Kikiharibika chatupwa, na aliyekitupa hakujifunza lolote.

Zile gia mbili za wanafunzi wangu ninazo hadi leo, ndani ya kopo la majani ya chai. Kila mwaka nazipitisha darasani pamoja na rula, bila kusema neno, na kila mwaka yuko mmoja azishikaye kwenye mwanga na kuniambia kwamba zaingiana.