Mbona Wamama wa CHP Hawaachi Job ya 5K?

Unamjua yule mathe wa mtaa mwenye hubisha kila keja akiwa na begi mgongoni, anauliza kama mtoto wako amemaliza chanjo? Huyo ni CHP, mhamasishaji wa afya ya jamii. Wako kama laki moja Kenya nzima, na wengi ni wanawake.

Kwa miaka mingi walipiga hii kazi kama wa kujitolea. Septemba 2023 Rais Ruto akawazindua upya, wakapewa simu, mashine ya kupima presha na ya sukari. Doh ikawekwa 5,000 kwa mwezi: serikali kuu itoe 2,500, kaunti imalizie 2,500.

Sasa piga hesabu. Kila mmoja anatarajiwa kushughulikia nyumba kama 100. Hiyo ni 50 bob kwa kila nyumba, mwezi mzima! Na hapo ni kama imeingia, juu kucheleweshewa malipo imekuwa wimbo kwa kaunti kadhaa.

Lakini usidhani hawapendi job. Wengi wanaipenda, na iko sababu. Mwanamke hakusoma sana, jana alikuwa anajulikana tu kama Mama Nani, leo ploti nzima inamuita daktari. Mzee wa sukari hamezi dawa mpaka yeye apitie. Msichana akishikwa na uchungu saa nane usiku, simu ya kwanza ni yake. Heshima kama hiyo huwezi pata ukifulia watu nguo.

Hapo ndio shida iko, na mimi naona serikali inajua vizuri sana. Kupenda kazi ni kitu moja, kuridhika na malipo ni kingine. Madaktari waligoma 2024 karibu miezi miwili, nchi ikasikia. CHP akigoma anagomea nani? Mtoto wa jirani mwenye anahara. Kesho watakutana kwa mtungi wa maji. So anaendelea tu, halafu jioni anauza sukuma ndio apate rent.

Hata jina la hiyo pesa linakuambia kitu: inaitwa stipend, si mshahara. Mtu wa stipend ataanzaje kuuliza nyongeza?

Akibisha kwako wiki hii, kabla akupime presha, muulize alilipwa lini mara ya mwisho.