Binti Anajinyima Chakula Kwa Ajili ya Mbio

Mwezi huu tumepata barua kutoka kwa mama mmoja, Mtanzania anayeishi na mumewe huko Oregon, Marekani. Binti yao wa miaka 16 yumo katika timu ya shule ya sekondari inayotengeneza gari dogo la umeme la mashindano, na sasa amechaguliwa kuwa dereva. Mama haziogopi sana mbio zenyewe. Kinachomnyima usingizi ni kwamba tangu achaguliwe, binti hagusi chai ya asubuhi, na jioni anasukuma wali pembeni ya sahani. Eti dereva mwepesi ndiye hushinda.

Dada, kabla hujagombana naye, mwambie alete kitabu cha kanuni. Kama mashindano yao ni yale yaitwayo Electrathon, humo kuna habari ya uzito. Dereva asiyefika pauni 180, yaani kilo 82 hivi, huongezewa vitu vizito garini mpaka afikie. Binti wa kilo 50 atabebeshwa kilo 32. Akijikondesha hadi 47, atabebeshwa 35. Njaa yote hiyo ni ya bure!

Tena hizi si mbio za kufika kwanza kama tulivyozoea. Kila gari hukimbia kwa saa moja, na lililokwenda mbali zaidi ndilo hushinda. Betri zikiwa za risasi na asidi, uzito wake hauruhusiwi kuzidi pauni 73, karibu kilo 33. Anayekanyaga kwa pupa mwanzoni humaliza umeme mapema na kuwatazama wenzake wakimpita. Kwa hiyo ushindi hutafutwa kwenye umbo la gari linalopasua upepo vizuri, tairi zilizojazwa sawasawa, magurudumu yaliyonyooka, na kichwa cha dereva kinachopiga hesabu saa nzima.

Na kichwa hicho ndicho kinachotutia wasiwasi sisi wauguzi. Msichana asiyekula asubuhi, amelala ndani ya gari lililofunikwa, kofia ngumu kichwani na jua juu yake, anaweza kupata kizunguzungu na kuona ukungu. Ukiwa jikoni utakaa kwenye kiti. Yeye yuko kwenye kona, na gari jingine liko ubavuni. Tumewapokea wodini mabinti waliojinyima kwa ajili ya gauni la harusi ya dada, wakaanguka kanisani, na huko hakukuwa na mwendo wowote.

Zungumza naye bila kumcheka na bila kumsifu kwa kupungua. Ukiona siku zake zimekatika, au anaficha chakula, au ameanza kusikia baridi wakati wenzake hawasikii, usingoje mashindano yaishe. Mpeleke kwa daktari.

Umeuliza kama umtoe kwenye timu. Sisi tusingemtoa. Msichana anayejua kushika spana na kufunga waya ana kitu ambacho wengi wetu hatukupewa. Ila akifika karakana avue pete na bangili, maana chuma kikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja huwaka moto mara moja na kuunguza kidole. Nywele azifunge, mnyororo hauna huruma. Betri zichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto. Asidi ikimrukia jichoni, aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 bila kukatisha, ndipo apelekwe hospitali. Mwulize mwalimu kama maji hayo yapo karibu. Mwulize pia kama binti anaweza kufungua mkanda na kutoka garini mwenyewe, haraka, na uombe akuonyeshe kwa macho yako.

Siku ya mbio nenda naye, ukibeba chupa ya uji. Anywe mapema, saa mbili kabla ya kupanda, na maji ya kunywa yasikosekane.