Kupima mbio ya motokari si kazi ya barabara ya wote

Kijana akipata motokari yake ya kwanza, hata iliyokwisha kutumika, anataka kujua inakimbia namna gani. Tamaa hiyo si kosa. Shida ni pahali. Barabara ya Lukafu ni njia ya mama mwenye beseni la maji kichwani, ya mtoto wa shule, na ya jamaa zilizokimbia makwao zikibeba mizigo.

Mbio si ya matajiri peke yao. Safari Rally ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1953 kwa motokari za kawaida, zilezile za dukani. Mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi, alishinda na Volvo iliyokwisha kutumika, pamoja na ndugu yake Jaswant. Kweli, zamani zile walipita katika barabara zilizo wazi. Leo sehemu za kushindania zinafungwa kwanza.

Anayeanza afuate njia hiyo: kiwanja kilichofungwa, mmoja mmoja. Abadilishe mafuta ya freni, kwani yaliyozeeka huchemka kwa joto, mguu unazama na motokari haisimami. Atazame mapine, afunge mkanda, avae kaske, atoe jeki na kila kitu kinachoweza kuruka ndani. Baada ya mizunguko michache, aache freni zipoe.

Wakubwa wa kijiji na vijana wakae pamoja, wachague kiwanja na siku. Mpaka hapo, shofere apunguze mwendo. Aliyekimbia vita asikimbizwe tena na motokari.