Kosa la Daftari la Kudumu Nalo Hudumu

Bukene ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kando ya reli iendayo Mwanza. Watu wake ni wasafiri tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipochukua mizigo hadi Bagamoyo, na baadhi yao wakavuka bahari wakalowea Unguja. Siku hizi mkulima hufuata ardhi, mfugaji hufuata malisho na kijana hufuata machimbo. Kuhama si kosa. Kosa ni kuhama na jembe, ng'ombe na watoto, kisha kuliacha jina nyuma katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya bara peke yake. Aliyetoka Wete akahamia Mjini Unguja yumo katika hali hiyo hiyo.

Kabla ya Daftari la Kudumu, lililoanza kuandikwa mwaka 2004, watu waliandikishwa upya kwa kila uchaguzi, na makosa ya orodha yalikufa pamoja na orodha. Leo daftari hudumu, na kosa nalo hudumu asipotokea wa kulisahihisha. Mashine za alama za vidole, zilizoanza kutumika 2015, humtambua aliyejiandikisha mara mbili. Lakini hakuna mashine ijuayo kwamba fulani amehama, au fulani amezikwa jana.

Tarehe 20 Julai 2024 uboreshaji wa daftari ulizinduliwa Kigoma. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliwaita waliotimiza miaka 18, waliohama na waliopoteza kadi. Ikataka pia waliofariki waondolewe. Hata hivyo, wako waliojibu, "Kadi yangu ya 2015 yatosha." Yatosha kweli kwa asiyehama. Kwa aliyehama, ni ushahidi wa mahali asipoishi tena. Wengine walijiandikisha Oktoba mwaka huo kwa ajili ya uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa, wakadhani wamemaliza, kumbe orodha ile ilikuwa nyingine kabisa.

Visiwani nako yapo madaftari mawili. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ina daftari lake, lenye sharti la ukaazi. Mtanzania aishiye Zanzibar asiyetimiza masharti hayo huandikishwa na Tume Huru ili amchague Rais wa Muungano. Mzaliwa wa Bukene aishiye Unguja hana budi kujua jina lake limo katika daftari lipi.

Walimu wetu wa chuoni walitufundisha kwamba ipo faradhi ambayo wachache wakiitekeleza wengine husalimika, kama kumzika maiti. Na ipo ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala. Kujiandikisha ni mfano wa hii ya pili. Kuondoa jina la marehemu ni mfano wa ile ya kwanza: asipoondoa hata mmoja, lawama ni ya mji mzima.

Watumishi wa Serikali nao wana dhima yao. Sheria hufungua daftari mara mbili tu kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Kwa hiyo kituo kikiwekwa mbali, au katika siku ambazo watu wako mashambani, haki ya mtu hupotea. Vifo vilivyokwisha kusajiliwa viifikie Tume bila kusubiri jamaa. Daftari la awali libandikwe mahali watu wapitapo, na litangazwe misikitini, makanisani na magulioni. Sheha, mtendaji na balozi wa shina wamhimize kila mkaazi bila kumwuliza chama chake.

Neno la mwisho ni letu sisi makada. Anayewakumbusha "watu wetu" pekee, akawanyamazia wengine, hakitumikii Chama. Anawafundisha wananchi kulitilia shaka daftari, na daftari lenye shaka humwachia hata mshindi ushindi wenye shaka. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 umepita na majonzi yake tunayajua. Tusingoje 2030. Chombo hukalafatiwa ufukweni, si mkondoni.