ELIMU NA MAISHA: Heri Kipimo Kidogo Kisemacho Kweli

Mtoto wa askari afikapo mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi, maombi yake ya nyumbani hubadilika. Licha ya ada na nauli, sasa huomba fedha za mradi. Mradi huo ni mtihani mkubwa: mwanafunzi hana budi kubuni chombo, kukiunda, kukijaribu na kukitetea mbele ya walimu wake. Mzazi aliye kambini Tororo au katika kituo cha polisi cha Busia aweza kudhani kuwa mambo hayo ni ya wasomi peke yao. Sivyo. Yako maswali ambayo mzazi yeyote aweza kuyauliza kabla ya kutoa shilingi zake.

Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo, kiko katika Wilaya ya Busia, kando ya barabara iendayo Tororo na Malaba. Kijana asomaye hapo hakosi vitu vya kupima kwa vihisio, yaani vifaa vya umeme vinavyotambua joto, unyevu, uzito au mwanga. Tororo kuna saruji. Busia kuna malori ya mpakani. Na kila mahali kuna mahindi. Kazi iliyopo ni kuchagua.

Swali la kwanza: je, kitu hicho chapimika kwa vifaa ambavyo kijana aweza kuvipata? Joto la tanuru la saruji hufikia nyuzi 1,450. Si rahisi kiwanda kuzima tanuru ili mwanafunzi ajaribu nyaya zake. Wazo ni zuri, lakini mlango wake umefungwa.

Kishawishi kikubwa zaidi ni sumukuvu, sumu inayoletwa na kuvu katika nafaka. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango. Kijana mwenye moyo mwema husema, "Nitaunda chombo cha kuigundua." Lakini kiwango hicho ni mikrogramu 10 katika kilo moja, yaani miligramu 1 tu katika gunia zima la kilo 100. Tena sumu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kuibeba karibu yote, na mkono ukachota penginepo. Kazi hiyo yahitaji maabara na dawa za gharama. Mwanafunzi mwenye miezi michache ataishia na sanduku lenye taa nzuri lisilojua lisemalo.

Hata hivyo, kuvu haistawi pasipo unyevu, na unyevu wapimika. Kanuni za Afrika Mashariki zataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Maji hushika nguvu ya umeme kuliko wanga mkavu: kipimo cha maji ni kama 80, cha nafaka kavu ni chini ya 10. Basi kijana huweka vibati viwili ndani ya kikombe, hujaza mahindi katikati, na kompyuta ndogo husoma badiliko la umeme. Huongeza kihisio cha joto, kwa kuwa mahindi yaliyotoka juani hudanganya kipimo.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote: je, ukweli wa kipimo utajulikanaje? Hapa pana jibu. Mahindi ya punje nzima hupimwa uzito, huwekwa katika jiko la maabara kwa nyuzi 103 kwa saa 72, kisha hupimwa tena. Gramu 100 zikibaki gramu 86, unyevu ulikuwa asilimia 14. Chombo kipya kikisema 14, kimesema kweli; kikisema 12, kina kosa, na kosa hilo lapaswa kuandikwa. Kazi hiyo hurudiwa kwa sampuli nyingi, mbichi na kavu.

Uaminifu huo una uzito wake sokoni. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likianikwa hadi 13.5, hubaki na kilo 95 hivi. Mwuzaji aona hasara ya kilo tano. Mnunuzi aogopa kuvu. Chombo kinachoteleza kidogo tu humdhulumu mmoja wao, na kwa kuwa kina tarakimu, wote watakiamini.

Swali la tatu: je, muda watosha? Saa 72 ni siku tatu kwa kila fungu la sampuli, na umeme ukikatika kazi huharibika. Mahindi mabichi nayo hupatikana wakati wa mavuno tu. Kijana anayengoja hadi mwezi wa mwisho atakuta mashamba matupu.

Jina la mradi nalo liwe la haki. Kipimo cha unyevu hakigundui sumukuvu. Chaonya tu kwamba hatari yaweza kuingia. Mahindi yaliyokwisha kupata sumu hayatakasiki kwa kuanikwa, wala kwa kupikwa ugali.

Akina mama nyumbani wanayo njia yao wakati chombo hakijafika. Chupa safi iliyokauka hujazwa theluthi moja kwa mahindi, hutiwa chumvi kavu kidogo, hutikiswa, kisha huachwa dakika 15. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mtaka yote hukosa yote. Kijana akitaja kitu kimoja anachoweza kukipima, njia ya kukihakikisha, na siku alizonazo, mzazi ampe fedha kwa moyo mweupe. Akishindwa kutaja hata kimoja kati ya hivyo, amrudishe kwa mwalimu wake kabla fedha haijatoka.