Tuchunguze Hataza kwa Macho Yetu

KATIKA usiku wa giza, mtu asimamaye juu ya vilima vya Kigoma na kutazama magharibi huliona Ziwa Tanganyika limejaa taa, kana kwamba mji umejengwa juu ya maji. Hao ni wavuvi wa dagaa. Kunapokucha, vyombo vyao hurejea Kibirizi, Ujiji na katika vijiji vya mwambao, na dagaa huanikwa juu ya mchanga na juu ya vichanja. Jua likiwaka, kazi ya usiku kucha hugeuka chakula na fedha. Mvua za masika zikishika, sehemu ya kazi hiyo huoza mbele ya macho ya aliyeifanya. Migebuka nao, wakitakiwa sokoni wakiwa wabichi, huhitaji barafu.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa limetuambia wazi kwamba halina samaki wasio na mwisho. Ikiwa hatuwezi kuvua zaidi, basi hatuna budi kupoteza kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo mashine ya kupoza, ambayo watu wengi huifikiria kuwa ni starehe ya ofisini, ni chombo cha uzalishaji mali katika mkoa wa Kigoma. Na swali la nani ana haki ya kuiunda, kuitengeneza na kuiboresha mashine hiyo ni swali la uchumi wa wananchi.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya hataza. Hataza ni haki ambayo nchi humpa mvumbuzi, kwa muda uliowekwa na sheria, ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ya idhini yake. Nchi haimpi haki hiyo bure. Mvumbuzi naye hutakiwa aeleze uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, kwa ukamilifu, hata fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo aweze kuufuata. Muda ukiisha, maarifa yale huwa mali ya kila mtu. Huu ni mkataba baina ya mtu mmoja na umma, na kama ilivyo kwa mkataba wowote, upande usiosoma kabla ya kutia sahihi ndio unaopunjwa.

Tuchukue mfano wa kifaa kilichomo ndani ya kila kiyoyozi na kila chumba cha baridi, yaani kipozeo chenye mapezi. Gesi ya kupozea hupita ndani ya mabomba membamba, mara nyingi ya shaba. Hewa hupita nje yake. Sasa, hewa ni mbebaji dhaifu wa joto; bomba tupu likipulizwa na feni haliwezi kubadilishana nayo joto la kutosha. Kwa hiyo mafundi hulivika bomba vipande vingi vya bati jembamba la alumini, vilivyosimama karibu karibu, ili eneo linalogusa hewa liongezeke mara nyingi. Vipande hivyo huitwa mapezi, na mvuvi wa Ujiji hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Mapezi yakikaribiana mno, eneo huongezeka, lakini hewa hupita kwa shida, vumbi hunasa, na katika hewa yenye unyevu kama ile ya kando ya ziwa, maji hudondoka na kujaa katikati yake. Katika chumba cha barafu maji hayo huganda na kuziba njia yote. Ndiyo maana wahandisi duniani hawachoki kuyabadilisha mapezi hayo: wengine huyakunja kama mawimbi, wengine huyakata vidirisha vidogo vya kuivuruga hewa, wengine huyapaka dawa ili maji yateremke upesi. Na kila badiliko laweza kuletwa mbele ya ofisi ya hataza pamoja na madai ya kwamba ni uvumbuzi.

Hapo ndipo kazi ya mchunguzi inapoanza. Mchunguzi wa hataza huuliza maswali matatu. La kwanza: je, jambo hili ni jipya, au limekwisha kuelezwa ama kutumiwa hadharani mahali popote kabla ya siku ombi lilipowasilishwa? La pili: hata kama ni jipya, je, kuna hatua ya kweli ya uvumbuzi, au fundi yeyote wa kawaida angelifikia kwa kuunganisha mambo mawili yanayojulikana? La tatu: je, lafaa kutumika katika uzalishaji? Mtu akidai mapezi ya mawimbi tu, mchunguzi ataonyesha maandishi ya zamani yenye mapezi ya mawimbi, na dai litaanguka. Akidai kwamba mkunjo wa namna fulani, uliowekwa mahali fulani, huondoa maji haraka kuliko ilivyotarajiwa, na akathibitisha, huenda akastahili. Basi atapewa haki juu ya mkunjo ule, wala si juu ya mapezi yote.

Tofauti baina ya madai hayo mawili yaweza kuonekana kuwa ni ya maneno. Lakini maneno ya sehemu ya madai ndiyo mpaka wa shamba. Ofisi ikipitisha dai pana bila ya kulichunguza, mwenye hataza hupata shamba ambalo hakulilima. Fundi wa majokofu wa Kigoma, akiunda chumba kidogo cha barafu kwa ajili ya chama cha ushirika cha wavuvi, aweza kuambiwa kwamba amevunja sheria kwa kutumia jambo ambalo mafundi wote wamelitumia tangu zamani. Kwa kuwa hana fedha za wakili, ataweka chini nyundo yake. Huo utakuwa unyonyaji uliovaa joho la sheria.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931, mtu aliyetaka hataza katika Tanganyika alipaswa kwanza kuipata Uingereza, kisha kuja kuisajili hapa. Nchi yetu ilikuwa daftari la kunakilia maamuzi ya London. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, iliyoanza kutumika mwaka 1994, iliuondoa utaratibu huo. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa upande wa Tanzania Bara, na Zanzibar inayo sheria yake. Aidha, tangu mwaka 1999 Tanzania imo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo kwayo shirika la Afrika la haki za ubunifu, ARIPO, hupokea na kuchunguza maombi kwa niaba ya nchi wanachama.

Ushirikiano huo ni mwema. Nchi zetu hazina wataalamu wa kutosha kila moja peke yake, na kuwakusanya Harare ni busara. Hata hivyo, Itifaki yenyewe haikututaka tufumbe macho. Inazipa nchi zilizotajwa katika ombi muda wa miezi sita, baada ya kuarifiwa, kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika ardhi yao. Haki hiyo imo katika maandishi, lakini haki isiyotumiwa ni sawa na jembe lililotundikwa ukutani. Kuitumia kwahitaji watu wa kusoma: mhandisi wa mitambo wa kusoma ombi la kipozeo, mkemia wa kusoma ombi la dawa, mtaalamu wa uvuvi wa kusoma ombi la zana za uvuvi. Vyuo vikuu vyetu, TIRDO iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na COSTECH iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni mahali pa kuwapata watu hao.

Lipo pia jambo la pili, ambalo twaona ni zito zaidi. Mchunguzi, awe Harare au Munich, hujua yale tu yanayoweza kuonekana na kuthibitishwa. Zamani, kabla ya taa za karabai, wavuvi wa Ziwa Tanganyika waliwasha moto wa kuni kwenye gubeti la mtumbwi, wakawavuta dagaa kwa mwanga wake, wakawachota kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Leo karabai nazo zinaziachia nafasi taa za umeme wa jua. Mtu akija kesho na ombi la njia ya kuwavuta samaki wadogo kwa mwanga usiku, nani atakayemwonyesha mchunguzi kwamba babu zetu walifanya hivyo? Ikiwa ushahidi wote umo katika vifua vya wazee, mchunguzi mwaminifu kabisa aweza kuamini kwamba jambo hilo ni jipya.

Vivyo hivyo kwa maarifa ya leo. Fundi akigundua kwamba mapezi yakiachana zaidi huziba kidogo katika hewa ya ziwani, au akibuni njia ya kuyeyusha barafu kwa joto la mashine yenyewe, maarifa hayo yakibaki katika karakana yake yatazikwa pamoja naye, au yatachukuliwa na mpita njia aliye hodari wa kujaza fomu. Kwa hiyo tunasema bila kusita: kuandika, kuchora na kutia tarehe ni sehemu ya ulinzi wa nchi.

Kazi hiyo inawahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu. Maofisa wa uvuvi, wa viwanda na wa maendeleo ya jamii wazikusanye mbinu za mafundi na wavuvi wa maeneo yao na kuziweka katika kumbukumbu zinazosomeka. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ziwaongoze mafundi wajue ni lipi la kuombea hataza, ni lipi lafaa kuombewa kile cheti cha uvumbuzi mdogo ambacho sheria yetu haikidai hatua kubwa ya uvumbuzi, na ni lipi la kutangazwa tu ili lisiporwe na mtu. Mafundi wenyewe wajue kwamba aonyeshaye kifaa chake Sabasaba au Nanenane kabla ya kuwasilisha ombi huuhatarisha upya wa uvumbuzi wake kwa mikono yake.

Walimu nao wana wajibu mkubwa. Mwalimu wa fizikia afundishaye habari za joto angeweza kuweka mbele ya darasa hati moja ya hataza ya kipozeo, mchoro kwa mchoro, na kuwauliza wanafunzi: ni lipi hapa lilijulikana zamani, na ni lipi jipya? Mtoto aliyezoea swali hilo hatakuwa mtu wa kustaajabia mashine. Atakuwa mtu wa kuihoji.

Wapo watakaosema kwamba hataza ni mtego wa matajiri na kwamba tungelizikataa zote. Hatukubaliani nao. Mkulima halali hupewa mavuno yake, na mvumbuzi halali hupewa haki yake, awe wa Nagoya au wa Mwanga, Kigoma. Aidha, wanaosema hivyo husahau kwamba hataza huwa na nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Uvumbuzi uliosajiliwa ng'ambo bila ya kusajiliwa hapa, na ule ambao muda wake umekwisha, ni halali kwa fundi wetu kuutumia hapa nchini, na michoro yake yasomeka. Meli ya Liemba ililetwa Kigoma kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Ilikuja mashine, elimu ya kuibuni ikabaki kwao. Hati ya hataza huleta elimu hata pale ambapo mashine haikuja. Kutoisoma ni kukataa zawadi.

Wakati wenyewe hautusubiri. Mwaka 2016, jirani zetu wa Kigali walikuwa wenyeji wa mapatano ya kupunguza gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia. Gesi mpya zinaingia, baadhi yake zikiwaka moto kwa urahisi, hivyo wahandisi wanatafuta vipozeo vyenye mabomba membamba zaidi na gesi kidogo zaidi. Kila badiliko la namna hiyo huja na wimbi la maombi ya hataza, na wimbi hilo halitaupita mwambao wa Tanganyika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusiyategemee mataifa mengine kwa maendeleo yetu. Onyo hilo lahusu hukumu ya akili kama linavyohusu fedha. Taifa linalopokea cheti bila kusoma madai yaliyomo limewaachia wengine kuamua lipi ni jipya na lipi ni la wote. Miezi sita ya Itifaki ni yetu. Tuisome kila hati inayotuhusu, tuyaandike yale tunayoyajua, na fundi wa Kibirizi aendelee na kazi yake bila hofu.